Adhabu ya Tawi la Chini

Mimi nikimchukia mtu namchukia sawasawa, ndivyo nilivyoumbwa. Sipigi kelele, sirogi, siendi kwa mwenyekiti wa mtaa. Nasubiri. Na shemeji yangu wa Njombe, kaka mkubwa wa marehemu mume wangu, nilimsubiri na mkasi wangu mdogo wa kukatia nyuzi za sweta.

Kisa ni mti. Mume wangu alikuwa seremala hapa Makambako, na zamani, kabla hatujaoana, alimtengenezea meza Mjapani mmoja aliyekuja kufundisha hesabu. Yule mgeni alipoondoka alimwachia mbegu za mpaini mweusi wa kwao. Ikaota moja. Mume wangu hakuupeleka mche shambani. Aliuweka kwenye chungu kipana, kifupi, akaulea kwa mkasi na waya mpaka ukawa mzee kabisa, shina nene lenye magamba, na bado haukunifika gotini. Wateja waliokuja kuchukua vitanda walisimama kuutazama, wakasahau vitanda vyao.

Mti wa namna hiyo una kazi za msimu. Kwenye baridi ya Juni, umande unapoganda kwenye nyasi, unanyonyoa sindano za zamani, ndiyo majani yake, na kuyafunga matawi waya ili yakubali kuinama. Mvua zikishakolea, karibu na Krismasi, unakata vichipukizi vipya. Sisi tuliviita mishumaa, maana husimama wima, vyeupe, kama mishumaa ya kanisani. Ukiukata mshumaa, mti unatoa mwingine mfupi, na tawi linabaki jembamba. Ukiuacha urefuke, tawi linanenepa. Hilo lishike vizuri, maana ndilo nililomfungia nalo shemeji.

Tawi la chini kabisa, upande wa kushoto, ndilo lililokuwa roho ya mti ule. Mume wangu alilifunga waya akiwa tayari anaumwa, amekaa kitandani, chungu mapajani, mimi nimemshikia koleo. Aliniambia, "Hili likishakubali, usilisumbue tena." Likakubali. Yeye akaondoka.

Siku ya kumaliza msiba ndugu walijaa nyumbani. Wanawake tulikuwa ndani tunagawa nguo za marehemu, kama ilivyo desturi. Koti lake zito alipewa shemeji. Akalivaa palepale, akatoka nje kuota jua. Sasa huyu shemeji ni mtu wa mipaini. Ana mashamba Mdandu na kwingineko, na kwa watu wa mbao wa huku kwetu, mpaini wenye matawi ya chini ni mpaini wa mvivu. Usipopogolea, mbao zako zinakuwa na vifundo, na watu wanakucheka mpaka kwenye kilabu cha ulanzi, pombe yetu ya mianzi. Basi akauona mti wa mdogo wake una matawi hadi chini. Akamwonea marehemu huruma. Akaingia karakana, akachukua msumeno wa marehemu mwenyewe, akapogolea.

Nilipotoka nilimkuta anapangusa vumbi la mbao kwenye koti la mume wangu. Mti umebaki na kishungi tu juu, kama ufagio uliosimamishwa kichwa chini. Naye anatabasamu!

"Shemeji, nimekusaidia. Huu ulikuwa umesahauliwa. Sasa utapanda juu."

Utapanda juu. Loo! Makaburini sikulia kama nilivyolia pale. Niliokota tawi la chini, waya bado umelizunguka, nikamwambia mbele ya watu wote, "Wewe umemzika ndugu yako mara ya pili!" Watu wakanishika. Yeye akanywea, lakini kuomba radhi? Ng'o! Alisema tu, "Kwani huu si mpaini?"

Wazee wa ukoo wakaketi. Wakaamua alete kuku na ulanzi, yaishe. Nikawaambia kuku nafuga mwenyewe.

"Nataka mikono yake," nikasema. "Aje kila baridi na kila mvua, auhudumie mti huu, mpaka tawi la chini lirudi."

Kwanza walicheka. Kisha mzee mmoja akauliza linarudije tawi lililokatwa. Nikawaonyesha. Chini ya kidonda, msumeno ulikuwa umekiruka kitawi kimoja, chembamba kama sindano ya kufumia, chenye majani machache. Kikiachwa kikue kitanenepa, na baada ya miaka kadhaa kitaziba pengo. Shemeji aliona ameponea chupuchupu, akakubali haraka kabla sijabadili mawazo. Sikumwambia yeyote nilichokuwa nacho moyoni.

Basi akawa anakuja. Nilimweka nje kwenye kigoda kifupi kuliko vyote, mgongo kwenye upepo, na upepo wa Makambako hauna adabu. Mtu mnene, mwenye malori ya mbao yanayomngoja Njombe, ananyonyoa sindano moja moja kwa vidole vilivyozoea msumeno! Akivuta vibaya namgonga kidole kwa ubapa wa mkasi. "Huyo si kuku!" Chai nilimpa bila tangawizi. Majirani wakipita walimsalimia, "Kamwene, bosi!" huku wanajibana wasicheke. Nilifurahi, sifichi. Nilikuwa nafuma sweta za shule dirishani, na kila nikimsikia anagunia mgongo wake, kazi yangu ilikwenda vizuri zaidi.

Na kila mvua zilipokolea, kabla hajafika, nilikwenda kwenye kile kitawi cha chini nikaukata mshumaa wake. Akija anakuta kitawi ni kilekile.

"Bado?" anauliza.

"Bado, shemeji. Miti ya Kijapani haina papara."

Anainama, anaanza kazi. Mwaka hadi mwaka. Kifungo hakina mwisho, na mfungwa hajui ufunguo umo mfukoni mwa gauni langu. Nilikuwa nalala usingizi mnono, nawaambieni.

Lakini mtu akikalishwa na kazi muda mrefu, kazi inamwingia. Akaanza kuja na waya wake mwenyewe, wa shaba, mwembamba. Akaanza kunikosoa, mwone! Eti hapa tumeacha sindano nyingi, jua halipiti. Alikuja na koti lile kila mara, viwiko vimeshatoboka, nami kila mara nilitamani kumvua. Mti wenyewe ulipona. Juu ulijaa vizuri, kidonda kikafunga, likabaki lile pengo la kushoto na kitawi chake kikonde.

Baridi iliyopita alikuwa kigodani kama kawaida, mimi nimesimama nyuma yake natafuta kosa. Akapitisha kidole gumba kwenye kile kitawi.

"Shemeji, hiki kina makovu."

Nikaushika mkasi mfukoni.

"Hapa, na hapa, na hapa. Kila mwaka mshumaa wake unakatwa kabla sijafika."

Nikajiweka tayari kwa ugomvi, maneno nilikuwa nayo ya kumtosha yeye na ukoo wake wote. "Umejua lini?"

"Zamani."

"Na bado unakuja?"

Hakuinua kichwa. "Nikimaliza hili tawi, nitakuja hapa kufanya nini? Wewe utanifungulia mlango?"

Yesu wangu, nilikasirika! Miaka yote hiyo nadhani namtesa, kumbe mwenzangu anakuja kukaa na mdogo wake. Upepo wangu, kigoda changu, chai yangu ya maji matupu, vyote amevipokea kama ukarimu! Alichukua koti, akachukua tawi, sasa na kisasi changu nacho kachukua. Siku ile hata hiyo chai sikumpa.

Nikaapa kumfukuza kwa njia ileile. Mishumaa ilipotoka, ule wa kitawi cha chini sikuugusa. Ukarefuka, ukanenepa, na kila asubuhi niliutazama kwa furaha ya shari. Nenepa, nikauambia. Ziba pengo, niwaite wazee waone, mtu huyu arudi Njombe akakae na mipaini yake mirefu.

Mvua zikakolea, akaja. Akakaa kigodani na koti lake la viwiko wazi. Nikasimama mlangoni, mikono nimeifunga kifuani.

"Angalia kushoto, shemeji," nikamwambia. "Umeachiwa. Misimu michache tu, adhabu yako imekwisha."

Akaangalia. Aliushika ule mshumaa kwa vidole viwili, akaupima urefu, akaupima unene. Kisha akanyoosha mkono bila kunitazama.

"Nipe mkasi."

Nikautoa mfukoni mwa gauni, nikampa. Akaukata mshumaa wa kitawi cha chini, pale pale ambapo ningekata mimi, akauweka kwenye kiganja changu.

"Bado," akasema.

Niliingia jikoni, nikainjika chai, nikamtilia tangawizi. Niliitia nyingi, imuunguze koo.