Sura ya Pawelec kwa Mkono wa Bi Ludomiła

Saa moja asubuhi jijini Warsaw, Bi Ludomiła Gawęda anafuta miwani kwa aproni, anainamia duara la plasta lenye ukubwa wa sahani na kuanza kuchonga sikio la jirani yake, mzee Ireneusz Pawelec.

"Sikio ndilo gumu," anasema. "Pua ukikosea, watu watasema ndivyo alivyokuwa."

Bi Ludomiła, 74, alikuwa mchongaji katika kiwanda cha sarafu. Alitengeneza sura za wafalme wa kale wa Poland kwa sarafu za majaribio, zile zinazofyatuliwa chache, zikiwa na neno próba, yaani jaribio, ili wakubwa wazitazame kabla ya kuamua.

Akiwa bado kibarua, mjane mwenye binti mchanga, alishindana na Pawelec, mchongaji mwenzake kiwandani, kuchonga sura ya mfalme Władysław, ambaye kwa ufupi wake aliitwa Łokietek. Mchoro wa Bi Ludomiła ukachaguliwa. Pawelec akanuna.

Kisha mama huyo akateleza kwenye barafu, akavunjika mkono wa kulia. Mfalme alikuwa bado hana taji, na mkuu wao alishasema kazi isiyokamilika itapewa mtu mwingine.

Pawelec akavuta kiti hadi mezani pake. "Wewe sema," akamwambia, "mimi nichonge."

Akachonga alichoambiwa. Alipotaka kumrefushia mfalme ndevu alikatazwa, akatii huku akiguna. Bi Ludomiła alipomsihi naye aweke herufi za jina lake kwenye sarafu, kando ya zake, Pawelec alikataa.

"Alisema mfalme mwenyewe mfupi, hawezi kubeba watu wawili," anakumbuka akicheka.

Sarafu ile haikupita, ikabaki jaribio. Ila Bi Ludomiła aliajiriwa kwa kazi hiyo, akafanya kazi hadi kustaafu.

"Binti yangu amesoma kwa kazi ile. Nikimtazama tu, namshukuru Irek," anasema, akimwita Pawelec kwa kifupi cha jina lake.

Siku hizi Pawelec haoni. Anaishi ghorofa ya chini, na Bi Ludomiła humpelekea supu ya bitiruti. Mzee ameshaanza kumsumbua ampunguzie kidevu cha pili.

"Nimemwambia, kaa kimya, wewe si mfalme."

Sura hii ameiinua juu kuliko sarafu yoyote inavyoruhusu. Majira ya kuchipua, Mungu akipenda, ataipeleka ikamiminwe kwa shaba.

"Kumlipa siwezi," anasema. "Nataka tu aipitishie vidole, ajione jinsi ninavyomwona mimi."