Ngoja Yanyumbuke

Harufu ya majani mabichi ya mzabibu, hapa uani kwangu Ipagala, hunirudisha shambani kwa bibi, Makutupora. Asubuhi moja, nikitaka kumaliza mapema nikacheze, nilianza kufunga machipukizi kwenye waya kabla bibi hajafika. Mawili yakavunjika. Nikayafukia haraka. Bibi alipokuja nikamwamkia shikamoo mara mbili.

“Umevunja mangapi?”

“Mawili, bibi.”

Alicheka mpaka akakaa chini. “Asubuhi yamejaa maji, hayanyumbuki. Ngoja jua liyalegeze.”

Alasiri nilipinda chipukizi jingine. Likanyumbuka hadi kwenye waya kama mkono wa mtoto aliyelala.

Sasa hivi binti yangu ametokea penye mzabibu, kamba mkononi, ananiamkia kwa mara ya pili leo. Kicheko kinanipanda, natafuta pa kukaa.