Sabato Tuliyokwenda Baltimore Kuimba

Safari hii haikuwa yangu. Ilikuwa ya mke wangu Moraa na binti yetu Kemunto, na walikuwa wameipanga tangu Kemunto aingie mwaka wa mwisho wa sekondari. Mimi nilikuwa nimejipangia kubaki nyumbani Woodbridge, hapa Virginia, na kwenda kanisani kama kawaida, kwa sababu safari yenyewe ilikuwa ya Jumamosi na sisi ni watu wa Sabato. Halafu Moraa, ambaye ni nesi, akateleza kwenye barafu akitoka kazini, akavunjika kifundo cha mguu. Ni mguu wa kulia, ule wa kukanyagia breki. Akakaa kwenye kochi na plasta mpaka karibu na goti, akanitazama.

"Baba Kemunto," akasema, "ni wewe sasa."

Niwaeleze ndugu zangu mlioko Nyamira, maana mmeniuliza sana kwa simu ni masomo gani haya. Kemunto anataka kusomea michezo ya kuigiza, ile ambayo watu wanaimba na kucheza dansi katikati ya hadithi. Huku ni digrii kamili, na kuingia kwake kuna milango miwili. Chuo kinatazama alama zako kama za mwanafunzi mwingine yeyote, halafu idara ya maigizo nayo inataka kukuona na kukusikia. Kwanza unatuma video. Wakiipenda, wanakuita uje uimbe, uigize na ucheze mbele yao. Video ya Kemunto tuliirekodi sebuleni, taa zote za nyumba zimekusanywa pembe moja, na mimi nimekatazwa kufungua friji. Vyuo vingi vilimkataa palepale kwenye video. Kimoja cha upande wa Baltimore kikamwita, na hicho ndicho alichokuwa akikiota.

Shida ilikuwa siku. Mimi ni mzee wa kanisa. Tulibishana sana kuhusu Jumamosi ile. Kemunto aliandika kuomba siku nyingine, wakamjibu kwa upole kwamba hakuna. Mwishowe nilikubali mama yake ampeleke. Sikuwa nimekubali kumpeleka mimi.

Ijumaa mchana tuliondoka Woodbridge. Moraa alitusindikiza mpaka mlangoni kwa magongo, akitoa maagizo: maji yasiwe baridi, viatu vya dansi viko kwenye mfuko mweusi, faili la muziki la mpiga piano lisikunjwe, na mimi nisimwulize mtoto maswali njiani. Barabara ya I-95 ilikuwa kama ilivyo kila Ijumaa, magari yamesimama kama yameegeshwa. Kemunto alikaa kando yangu na skafu shingoni, hasemi neno. Alikuwa akitunza sauti. Akitaka kitu aliandika kwenye simu yake na kunionyesha. Karibu na daraja la Potomac alinionyesha: "Baba, unaendesha ukiwa umeshika pumzi."

Nikavuta pumzi.

Jioni tulifika Adelphi, Maryland, kulala kwa Maman Furaha. Huyu mama ni Mkongo wa Uvira, aliyekuwa jirani yetu Woodbridge kabla hajahamia kwenye maghorofa yaliyo karibu na University Boulevard. Anatunza wazee majumbani mwao. Alitufungulia mlango kabla hatujabisha.

"Karibuni, Papa Kemunto! Hii baridi itatuua. Na maman yake mutoto, muguu unaendelea aje?"

"Mguu unapona, Maman. Moyo ndio tumekuja nao kwenye gari."

Alikuwa amepika sombe, yaani kisamvu, bugali na ndagala, wale dagaa wa kwao. Jua lilikuwa limeshazama na Sabato imeingia, kwa hiyo tuliimba wimbo mmoja na kuomba kabla ya kula, naye Maman Furaha, ambaye kanisa lake ni la Jumapili, aliimba kwa sauti kutushinda sote. Baada ya chakula akamgeukia Kemunto.

"Sasa tuimbie ile ya kesho. Nataka nisikie mimi kwanza, mbele hao wazungu hawajasikia."

Nilidhani Kemunto atakataa. Ni mtoto anayesikia Kiswahili chote lakini hujibu kwa Kiingereza, na mbele ya wageni huwa hajibu kabisa. Hapa ninayaandika maneno yake kwa Kiswahili ili bibi yake aweze kuyasoma. Alivuta kiti pembeni, akasimama katikati ya zulia, akaimba. Ulikuwa wimbo wa kuchekesha, wa msichana anayempigia simu mvulana ampendaye, na kila mara akijibiwa anajifanya amekosea namba. Maman Furaha Kiingereza chake ni cha kazini tu, lakini alicheka mpaka akajifuta machozi kwa kitenge. Mimi niliishi nyumba moja na wimbo ule miezi kadhaa. Niliusikia nyuma ya mlango wa chumba chake, vipande vipande, na mara nyingine niligonga ukuta apunguze. Sikuwa nimewahi kuusikia wote.

Jumamosi asubuhi tuliamka tukakuta mvua ya usiku imeganda juu ya kila kitu. Maman Furaha alitutilia chai ya tangawizi kwenye chupa, akamshika Kemunto mashavu. "Usiogope. Wakikuangalia, na wewe uwaangalie," akamwambia. Tulitoka mapema. Lakini tulipoingia barabara kuu ya kwenda Baltimore, magari mawili mbele yetu yalikuwa yamegongana, hakuna aliyeumia, ila yamelala kuziba njia zote. Tukasimama.

Kwanza tulisimama kwa utulivu. Kemunto akaanza kupasha sauti, akitikisa midomo brrr kama pikipiki, akipanda na kushuka ngazi za noti. Dereva wa gari la kando alitutazama, nikampungia mkono. Muda ukaenda. Moraa akapiga simu, nikamweka kwenye spika.

"Mko wapi?"

"Tuko barabarani."

"Barabarani wapi?"

"Palepale."

Akasema, "Kemunto mwanangu, kunywa chai." Wakati huo ndipo nilipoona machozi ya Kemunto yanashuka bila sauti, kwa sababu hata kulia alikuwa analia kwa kutunza koo. Nikaomba moyoni. Nawaambia ukweli, ombi langu lilikuwa na kasoro: nilikuwa nimeshafikiri kwamba labda huyu ni Mungu anatufungia njia kwa sababu ya siku yake. Nilimtazama mtoto, nikaona siwezi kuomba ombi la namna hiyo nikiwa nimekaa kando yake. Nikaomba barabara ifunguke.

Ilifunguka, lakini tulikuwa tumeshachelewa.

Chuoni tulikimbia kutoka maegesho, mimi na mfuko mweusi, yeye na faili kifuani. Kwenye meza ya mapokezi kulikuwa na dada mmoja kijana. Alitusikiliza, akaenda kuuliza, akarudi na uso wa huruma. Kuimba na kuigiza, alisema, si tatizo, wangemweka mwisho. Tatizo lilikuwa dansi. Asubuhi watoto wote walifundishwa hatua pamoja, na mchana wangerudi kwa makundi kuzicheza mbele ya walimu. Kemunto angeweza kuingia na kundi la mwisho, lakini hapakuwa na mtu wa kumfundisha.

"Nitacheza kitu nisichokijua?" Kemunto aliuliza.

"Pole sana," yule dada akajibu.

Tulikaa kwenye korido, kwenye sakafu, kwa sababu viti vilikuwa vimejaa familia. Kila familia ilikuwa na mifuko yake, chupa zake za maji na mzazi mmoja anayejifanya anasoma simu. Karibu nasi alikuwa msichana mmoja mrefu, nywele nyekundu, ameegemea bega la baba yake. Alikuwa amesikia yote. Akanyanyuka.

"Naitwa Hannah," akasema. "Njoo nikuonyeshe. Si ndefu."

Baba yake, bwana mkubwa mwenye ndevu aliyejitambulisha kwangu kwa jina la Doug, mfugaji wa kuku kutoka Delaware, akamwambia, "Hannah, bado hujaimba. Pumzika."

"Nitapumzika kwenye gari," Hannah akajibu.

Wakahamia mwisho wa korido, karibu na mashine ya soda. Hannah alihesabu kwa sauti ndogo na kucheza, Kemunto akifuata nyuma yake kama kivuli kilichochelewa kidogo. Alikosea, akarudi. Akakosea palepale, akarudi tena. Hakuona haya. Aliuliza, "Mkono huu unatoka bega au kiwiko?" Aliuliza, "Hapa nimekasirika au ninacheka?" Sikujua kama dansi ina maswali ya namna hiyo.

Kisha wakakwama. Kulikuwa na sehemu ya kupishana, watu wanne wakibadilishana nafasi, nao walikuwa wawili. Hannah akageuka kututazama sisi wazazi. Doug akafumba macho kama mtu aliyejua tangu asubuhi kwamba litamfika.

"Baba," Kemunto akaniita. Kisha akasema kwa Kiswahili, jambo lililonishtua kuliko ombi lenyewe: "Tafadhali, kuja."

Sikuwa nimecheza dansi tangu nibatizwe. Nilikuwa nimevaa buti za theluji na koti la kanisani, kwa sababu ilikuwa Sabato na sikuona kwa nini nivae lingine. Nikasimama pale nilipoonyeshwa, Doug upande wa pili. Hannah akahesabu. Tukapishana. Mimi nilikwenda kushoto, Doug naye akaja kushoto, tukakutana tumbo kwa tumbo.

"Baba, wewe pita nyuma yake," Kemunto akasema, akinishika mabega na kunigeuza kama kabati. "Usitazame miguu. Nitazame mimi."

Nikamtazama yeye. Tukapishana tena, na tena, mpaka nikaweza kupita bila kugonga mtu. Watoto wengine walikuwa wameanza kutupigia makofi ya kuhesabu. Mama mmoja alinyanyua simu aturekodi, nikamsihi kwa macho, akacheka na kuishusha. Jasho lilikuwa linanitoka. Binti yangu alikuwa anacheka kwa sauti yake yote, ile aliyokuwa ameitunza tangu jana.

Tulipokaa nilimuuliza Doug kwa nini mtoto wake amefanya vile, maana nafasi zenyewe ni chache na Kemunto alikuwa wa kushindana naye.

"Tumezunguka vyuo vingi," akasema. "Kila mahali tunakuta watoto walewale wanaogopana. Nadhani amechoka."

Mchana makundi yaliitwa. Wazazi haturuhusiwi ndani. Nilisikia piano, miguu mingi ikitua pamoja, kimya, tena miguu. Baadaye, alipoitwa peke yake kuimba, nilisogea karibu na mlango nikijifanya nasoma tangazo ukutani. Niliusikia ule wimbo wa simu. Pale alipocheka Maman Furaha jana yake, kukawa na kicheko mle ndani pia, cha watu wawili au watatu. Kisha mlango ukafunguka akatoka, macho mekundu, akanikumbatia kwa nguvu.

"Vipi?"

"Sijui. Niliwaangalia."

Kurudi nyumbani barabara ilikuwa wazi, haina foleni. Kemunto alizungumza kutoka Baltimore mpaka Woodbridge, mambo ya walimu, ya Hannah, ya kosa moja la dansi alilolificha kwa tabasamu, nami sikumwuliza swali hata moja. Moraa alikuwa ametungojea dirishani. Alitaka kusikia kila kitu, na tulipofika kwenye habari ya mimi na mfuga kuku alicheka mpaka akashika plasta yake kwa maumivu.

Sabato iliyofuata mchungaji alinivuta pembeni baada ya ibada. "Mzee, wiki iliyopita hatukukuona."

Nilikuwa nimetayarisha maelezo marefu. Nikasema tu, "Nilikuwa Baltimore, mchungaji. Nilicheza dansi kwenye korido ili binti yangu apate nafasi ya chuo."

Mchungaji pia ana mabinti.

"Na alifanya vizuri?" akauliza.

Majibu yalikuja mwezi wa tatu. Walimkataa. Hannah naye waliweka jina lake kwenye orodha ya wanaongoja nafasi, akampigia Kemunto simu wakalia pamoja, kisha nikasikia wanacheka. Kemunto alikaa jikoni na sweta la mama yake, nikamwekea chai mbele, nikakaa. Sikumwambia kwamba kuna masomo mengine. Zamani ningemwambia.

Kilibaki chuo kimoja kidogo milimani, magharibi mwa Virginia, ambacho nacho kilikuwa kimeipenda video yake, kikamwita siku ya Jumapili. Plasta ya Moraa ilikuwa imetolewa, funguo za gari ameshazishika. Kemunto akasimama katikati yetu, akasema kwa aibu kidogo kwamba angependa twende wote, lakini korido akae na baba. Huko ndiko walikomkubali.

Ndugu zangu, kwa miaka mingi nilimwuliza mtoto huyu atakula nini na kazi hiyo. Swali si baya, na jibu bado sina. Ila nilikuwa naliuliza bila kuwahi kumwona akiwa kazini. Michezo ya shule niliihudhuria, nikapiga makofi, nikarudi nyumbani nikidhani ni jambo linalomjia lenyewe. Sikujua kwamba mtu anaweza kukosea mbele ya watu asiowajua, akarudia, akauliza mkono unatoka wapi, akarudia tena, na asikate tamaa.

Mwezi wa nane tutampeleka chuoni. Moraa anasema nilimnyang'anya safari yake ya kwanza, na kwamba hii ya sasa ni yeye atakayeendesha gari. Mimi nitakaa kiti cha nyuma, na masanduku.