Kompyuta Iliyojizima Yenyewe

Mwanangu, iko siku moja ya soko pale Tulia ambayo sijaisahau, na kila nikiikumbuka nacheka kwanza, halafu masikio yanapata moto. Nilikuwa na miaka ishirini na mitatu, karani wa chumba kidogo cha kuchapa barua. Soko zima ni mimi peke yangu niliyejua kutumia kompyuta, basi nilitembea kana kwamba niliiunda kwa mikono yangu. Waulize wa rika langu. Watakuambia nilikuwa na kiburi cha watu watatu na jozi moja ya viatu.

Kompyuta yenyewe ilikuwa kuukuu. Rangi yake nyeupe ilikuwa imegeuka kuwa ya chai ya maziwa, na ukiiwasha ungeweza kwenda kununua mandazi, urudi, uikute bado inaamka. Lakini ndani yake mlikuwa na kitu kikubwa. Akina mama kumi na mmoja wa darasa la ngumbaru, waliojifunza kusoma uzeeni, walikuwa wakija kila Alhamisi kuandika, kila mmoja ukurasa wake. Nilijitolea kuwaandikia, wakakataa kabisa. Walibonyeza wenyewe kwa kidole kimoja, wakitafuta herufi moja moja kama mtu anayechagua mawe kwenye ndengu. Ilichukua wiki saba. Kurasa zile zingekuwa kijitabu, na Jumamosi kila mama angesimama asome wake mbele ya watu wa nyumbani kwake. Hakuna aliyeandika kwenye daftari kwanza. Maneno yalitoka kichwani yakaingia kwenye mashine, na hapakuwa na nakala nyingine popote.

Mwenye ofisi aliniambia nisiguse kitu mpaka kijitabu kitoke. Nikaitikia vizuri sana. Sasa, rafiki yangu wa Kitui mjini alikuwa amenipa CD yenye toleo jipya la ile programu inayoendesha kompyuta, akaniapia kwamba ukiiweka, mashine inakuwa mpya. Nikawaza, Jumamosi watu wakija wakute mashine mpya na mimi nimekaa mbele yake. Alhamisi asubuhi nikaitia.

Alhamisi, mwanangu, siku ya soko! Ofisi yetu ilishiriki waya mmoja wa umeme na jirani mwenye mashine ya kusaga unga, na siku ya soko ile mashine haipumziki. Kila mtu Tulia alijua ikianza kunguruma taa zinafifia, redio inanyamaza, na kinyozi anainua mkono haraka kabla hajamharibia mtu kichwa. Mimi pia nilijua. Kazi ilikuwa imefika katikati, mstari wa kijani unatambaa polepole, ndipo mashine ya jirani ikanguruma, taa ikafifia, kompyuta ikazima.

Stima ilipotulia niliiwasha. Ikaonyesha jina lake, ikawa bluu tupu na maandishi meupe, ikazima. Ikajiwasha, ikawa bluu, ikazima. Nilijaribu mpaka kidole kikauma. Niliomba. Niliipiga kofi ubavuni. Mwishowe nikatoa ile CD, nikaificha ndani ya mkoba, chini ya Biblia.

Akina mama walipofika niliwaambia, "Imejizima yenyewe."

Fundi aliitwa kutoka Kitui mjini, akafika Ijumaa saa tatu asubuhi. Alikuwa kijana mpole anayeitwa Mwendwa, amebeba begi la vyuma na pampu ya baiskeli. Akina mama walikuwa wamekwisha kukaa kwenye benchi kama watu waliomleta mgonjwa.

"Madam, ulikuwa unafanya nini kabla izime?" akaniuliza.

"Hakuna. Nilikuwa nimekaa tu. Imejizima yenyewe."

Akaniamini. Hilo ndilo linaloniumiza hata leo, kwamba aliniamini. Kwa sababu aliniamini, alianza kutafuta ugonjwa mahali usipokuwa. Akaifungua, akapuliza vumbi kwa pampu, na humo ndani akatoa mjusi aliyekauka. Akina mama wakashangilia, wakidhani mwenye makosa amepatikana. Akabadilisha kifaa hiki, akabadilisha kile, akaiwasha, bluu ikarudi. Mimi nilikuwa nimesimama kando na uso wa huruma, nikimshikia bisibisi. Ilipofika saa nane akajifuta jasho.

"Hii diski imechoka," akasema. "Nitafuta kila kitu niweke programu upya. Itafanya kazi, lakini vile viko ndani vitaenda."

 Aliyeinuka ni Susu Syombua. Susu kwetu ni nyanya, na huyu alikuwa mkubwa kuliko wote, msukaji wa vikapu vya viondo tangu usichana wake, mwenye vidole vigumu ambavyo vilikuwa vimenivunjia herufi mbili kwenye kibodi.

"Kufuta ni nini?" akauliza.

"Ni kuondoa yote, susu. Tunaanza na sufuri."

"Hata mbuzi zangu?"

Ukurasa wake ulihusu mbuzi wake. Fundi hakujua hilo, lakini alimwona macho. "Hata mbuzi, susu. Pole."

Susu akasogea mpaka mezani, akaiangalia ile mashine iliyofunguliwa tumbo. "Mimi nikikosea kiondo, sikitupi," akasema. "Nafumua mpaka ule mzunguko nilikosea, halafu naendelea. Hii yenu haifumuliwi?"

Fundi akacheka kidogo, kisha akaacha kucheka. "Inafumuliwa. Lakini lazima nijue ni kitu gani iliwekwa ya mwisho. Na huyu anasema hakuna."

Susu akanigeukia. Hakunikunjia uso, na afadhali angenikunjia. "Mwiitu," akaniita, kama anavyoitwa binti kwetu, "ni mzunguko gani ulikosea?"

Mwanangu, niliona aibu. Nilikuwa na jibu langu tayari, lile lile la tangu jana, lakini nikawaona wale kina mama kumi na mmoja wakiningoja. Nikafungua mkoba, nikaondoa Biblia, nikatoa CD. "Nilikuwa naiweka update," nikasema. "Posho mill ya jirani ikawaka katikati."

Mwendwa akaitazama CD. Akaitazama saa yake. Akaitazama pampu. "Masaa tano, madam," akasema taratibu. "Masaa tano nimepulizia mjusi hewa."

Benchi lote likaangua kicheko, na mimi katikati yao nikalia, kisha nikajikuta nacheka na machozi yakitiririka.

Basi fundi alienda kwanza kumwomba jirani azime mashine yake ya kusaga. Akarudi, akaiwasha kompyuta huku akigonga kitufe kimoja mfululizo. Ikatokea orodha kwenye kioo cheusi, akachagua njia ya kuiamsha kwa vitu vichache tu, bila ile mizigo mingine. Humo ndani akaiambia irudi ilivyokuwa siku moja kabla ya CD yangu. Tukangoja. Ikazima, ikaonyesha jina lake, na sote tukasubiri bluu. Haikuja. Ikaja picha ya maua ya kioo chetu cha siku zote, na kurasa kumi na moja zikiwa zimekaa mahali pake. Kazi nzima ilichukua nusu saa. Vigelegele vilivyopigwa vilimleta mwenye mashine ya kusaga mbio, mweupe wa unga kuanzia kofia hadi viatu, akidhani tumefanya harusi.

Tulichapisha kijitabu papo hapo. Jioni, nikimsindikiza Susu Syombua, akaniambia kwamba alijua tangu jana. Alikuwa akingoja unga wake pale jirani, akaniona dirishani nikitoa kile kisahani na kukificha.

"Sasa susu, mbona hukusema mapema?"

"Ningesema mimi, ungekuwa umeshikwa tu. Nilitaka useme wewe." Akatembea kidogo, akasimama. "Lakini ungechelewa kidogo ningekutaja. Mbuzi zangu!" Kisha akanishika mkono, akaacha mzaha. "Na usimdanganye tena mtu amekuja kukusaidia. Yule kijana ameacha kazi yake, wewe unamtuma kutafuta vitu hazijapotea."

Jumamosi alisoma, kidole kikifuata mstari. Mbuzi wa kwanza aliitwa Diwani, kwa sababu akishashiba hakujui tena. Wa pili aliitwa Kwaya, kwa sababu akianza yeye kulia wengine wote wanafuata. Watu wakacheka mpaka mumewe, mzee ambaye alikuwa hajawahi kumsikia akisoma, akavua kofia ajifute macho. Wa saba, Susu akasoma, hana meno na bado anakula, "na huyo nimempa jina langu." Nilisimama nyuma nikajua kwamba ningeng'ang'ania uongo wangu dakika tano zaidi, mama yule angesimama pale bila neno la kusoma, na asingejua ni nani aliyemnyang'anya.

Nimekusimulia haya kwa sababu juzi nilikusikia ukimwambia fundi wa simu kwamba haijaanguka. Sikukugombeza, maana hata mimi niliwahi kusema hivyo. Ila sikiliza nasaha yangu. Ukiharibu kitu, sema upesi ulichofanya mwisho, umwambie yule anayeweza kukitengeneza, hata kama watu wanakusikia. Aibu yake ni ya mchana mmoja. Usiwe na haraka ya kutupa kilichokosewa mahali pamoja, na ukiambiwa usiguse, usiguse, hasa siku ya soko.

Mungu aibariki kazi ya mikono yako, akuzungushie watu wa kucheka nao. Na siku utakapokuwa na mvi, mtoto wa mtu akisimama mbele yako na kosa lake mkobani, Mungu akupe subira ya kumngoja alitoe mwenyewe.