Sentensi Niliyoiacha Nje ya Mkakati

Siku moja naikumbuka kuliko nyingine zote, mwanangu, ingawa haikuwa na kishindo chochote. Ilikuwa siku ya kazi tu, katika ofisi ya ghorofa ya sita katikati ya jiji hili la Johannesburg. Nilikuwa na miaka ishirini na saba. Mwaka mmoja kabla ya hapo nilikuwa mlinzi wa mlangoni katika jengo hilohilo. Kompyuta nilijifundisha mwenyewe, kwa vitabu vikuukuu vya kando ya barabara, zoezi baada ya zoezi, bila kuruka hata moja. Ofisi ilinichukua kwa sababu nimetoka Bukavu na Kifaransa changu kilikuwa safi. Walikuwa wamepata kazi ya kuandika mkakati wa taifa wa teknolojia ya habari kwa nchi moja ya Afrika Kaskazini inayotumia Kifaransa, na hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kukanyaga huko.

Nikueleze tulivyofanya kazi, maana kosa limo humo. Tulichukua mkakati wa nchi nyingine, tukabadilisha jina la nchi na idadi ya mikoa, kisha tukatafsiri. Sura ya usajili wa raia ilikuwa yangu. Iliagiza kwamba kompyuta zikifika wilayani, vitabu vya karatasi vya vizazi na vifo vifungwe. Kule tulikonakili, umeme ulikuwapo. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Mimi nilikitandika tu, shuka likanyooka, nikaridhika.

Wiki ya mwisho wakaja watu wanne kutoka nchi ile kuikagua rasimu. Watatu walikuwa wakubwa wa wizara. Wa nne alikuwa mzee mwembamba aitwaye Brahim, karani wa vizazi na vifo katika mji mmoja wa jangwani. Nadhani aliletwa ili isemwe kwamba mikoa imeshirikishwa. Wakubwa walipokwenda kula na bosi wetu, yeye alivuta kiti akakaa kando ya meza yangu.

"Ukurasa huu wa vitabu vyangu, ameuandika nani?"

"Mimi, Mzee," nikajibu, tena kwa fahari.

"Umewahi kufika kwetu?"

"Hapana."

"Nilijua. Anayetujua hawezi kuandika kwa raha namna hii." Akacheka kidogo. "Kijana wangu, jenereta la wilaya yetu limekufa. Fundi ameahidi kuja. Ameahidi tangu binti yangu hajaolewa, na sasa ana watoto watatu. Mtaniletea kompyuta, sawa, nitaifunika kitambaa isiingie mchanga. Lakini mkinifungia kitabu, mtoto akizaliwa nimwandike wapi?"

Akaweka kidole kwenye karatasi.

"Ongeza sentensi moja hapa. Kitabu kiendelee kuandikwa mpaka kompyuta ifanye kazi mwaka mzima. Mimi mkutanoni siwezi kusema hatuna umeme. Waziri alishatangaza kwamba upo."

"Nitalishughulikia, Mzee."

"Usiniambie utalishughulikia. Neno hilo nalijua, mimi ni mtu wa serikali. Andika nikiona."

"Faili iko kwa bosi," nikamwambia.

Faili ilikuwa mbele yangu, mwanangu, imefunguliwa. Lakini nilikuwa nimeshapanga namba za kurasa na orodha ya yaliyomo, na sentensi ile ingelisukuma jedwali likakatika katikati. Jedwali hilo nilikuwa nimelinyoosha kwa siku mbili. Sisi tuliojifundisha wenyewe tuna ugonjwa huo: cheti hatuna, basi tunajificha nyuma ya kurasa nadhifu ili tusitiliwe shaka. Nikaiacha. Mkakati ukapokelewa kwa makofi.

Baada ya miaka miwili hivi, ofisini ikafika barua ya Brahim.

"Kompyuta imefika," aliandika. "Umeme haujafika. Agizo la kufunga kitabu nalo limefika, na hilo halihitaji umeme. Watoto wanazaliwa. Nawaandika katika daftari la shule la mjukuu wangu, lakini halina muhuri, na mahakama hailitambui."

Nikampelekea bosi. Akaisoma amesimama.

"Eish, kaka, mkataba ulishakwisha. Ile ni nchi yao sasa."

Nilitaka kumwuliza ilikuwa ya nani tulipokuwa tukiiandika. Badala yake niliandikia wizara yao mara tatu, sikujibiwa. Nilimwandikia Brahim mwenyewe nikakiri kwamba faili ilikuwa mbele yangu siku ile. Jibu lilikuja kwa mwandiko mwingine: Mzee amefariki, na karani mpya hajui habari za daftari lolote la shule.

Mali bila daftari huisha bila habari. Nilikuwa nikidhani wenye maduka ndio wanaoambiwa hivyo. Nawe unajua karatasi ni nini katika jiji hili. Umepanga foleni alfajiri, umeona mtu mzima akirudishwa kama mtoto kwa kukosa cheti cha kuzaliwa. Watoto wa mji ule sasa ni watu wazima. Wako wangapi sijui, wala hakuna wa kuniambia, kwa kuwa hawakuandikwa.

Siku hizi nasikia mashine inamaliza kuandika mkakati mzima kabla chai haijapoa. Sina ugomvi nayo. Unadhifu wake ndio unaonitisha, maana naujua.

Basi nasaha yangu ni hii. Kabla hujaagiza kitu kifungwe, mtafute anayekishika kila siku, umwulize kesho yake atashika nini. Akikuambia, andika hapohapo, yeye akiona. Usijifariji kwamba utarekebisha toleo lijalo. Mimi nimelingoja hadi nimeota mvi, na halikuandikwa. Sikuambii haya ili unitulize. Hayatulizwi.

Mungu akupe sikio la kumsikia mnyonge angali mbele yako, na mkono usioona haya kuuharibu ukurasa mzuri. Amina.