Shali ya Mama Iliyobaki Nusu

Nimekutana na wafumaji katika nchi nyingi, na wote huficha mpangilio wa nyuzi zao. Gesare wa Kedowa hakuwahi hata kuuandika. Ule wa shali ya miraba ya mama yake waliujua wao wawili tu, na mama alizikwa kabla Gesare hajaimaliza. Nusu yake ilibaki kwenye mtambo wa kufumia. Gesare hakuweza kuigusa.

Asubuhi moja ya ukungu, nikiwa pale, aliingia Fancy, msichana anayechuma majani chai.

"Mama, kuna shosho, bibi mzee, amenituma. Anataka shali yake. Nyuzi za kijani sita, nyekundu mbili, za kijivu nne, halafu wa njano mmoja tu."

Gesare aliushika mtambo. "Shosho gani?"

"Simjui. Husimama kule mwisho wa shamba, anatetemeka. Amesema umechelewa sana, na kule baridi ni kali."

"Alikuwa na viatu?"

"Hapana. Hata mimi nilishangaa."

Mama yake walimzika bila viatu.

Gesare alivuta kiti, akaanza kufuma pale alipoachia. Jioni ulipobaki uzi wa njano pekee, Fancy aliinuka kufunga mlango.

"Wacha," Gesare alisema. "Usifunge."