Mkono Uliobaki Begani kwa Jody Lazuli

Doreen Tapsell alifuta watu kwa miaka kumi na tisa, na hakuna aliyewahi kurudi kumdai sura yake mpaka vuli ile ya 1973.

Jina lake halikuchapishwa hata siku moja kwenye gazeti letu la muziki. Sisi waandishi majina yetu yalitoka kila Alhamisi kwa herufi nene. Yeye alikaa ghorofa ya tatu, nyuma ya Fleet Street, mtaa wa magazeti wa London, kwenye chumba chenye hita ya gesi na dirisha moja, na mbele yake brashi nyembamba kama kope na vibweta vya rangi ya maji: nyeupe, nyeusi, na kijivu cha aina kumi na moja. Chunusi za waimbaji ziliishia kwenye meza ile. Vitambi pia. Na mwanabendi akifukuzwa, hatukupiga picha mpya. Tulimpelekea Doreen ya zamani, naye alimpaka ukuta juu yake mpaka asionekane. Mimi niliandika maneno ya chini: "Watatu hawa, kama walivyokuwa tangu mwanzo." Ofisini kazi hiyo tuliiita kusafisha. Ilikuwa uongo, na tuliwauzia vijana wa miji ya viwanda ambao tuliwaahidi kwamba muziki huu utawaweka huru.

Wakati wa vita, akiwa msichana, Doreen alifanya kazi iliyo kinyume cha hii. Katika studio moja ya Croydon, akina mama walileta picha za familia pamoja na kijipicha cha mwana aliyeuawa, naye alimchora huyo mwana nyuma ya dada zake, kana kwamba alikuwepo.

"Zamani nilikuwa nawarudisha, sasa nawaondoa," aliniambia. "Mkono ni huu huu, profesa."

Aliniita profesa kwa sababu nilisoma chuo na sikujua kuchemsha chai.

Jumanne moja mhariri wetu, Clive Garstang, alimtupia mezani picha ya bendi ya Tin Orchid. Ilipigwa mazoezini, mbele ya ukuta wa matofali, wanamuziki wakiwa hawajajipaka ile rangi ya fedha waliyoivaa usoni jukwaani.

"Mfute wa kushoto. Peasgood, mpiga gitaa."

"Kakosa nini tena huyu?"

"Jody hamtaki. Anasema anamkumbusha alikotoka."

"Na wewe Clive ukinikumbusha nilikotoka, nikufute?"

"Fanya haraka, bibi wewe. Mtambo unangoja."

Alimfuta kabla ya chakula cha mchana. Ila haraka ile ilimponza. Malcolm Peasgood alikuwa ameweka mkono begani kwa Jody Lazuli, mwimbaji wao, na vidole vilikuwa vimezama kwenye manyoya ya koti lake. Doreen hakuviona. Gazeti lilitoka na watu watatu na mikono saba.

Barua zikamiminika. Mkono ule ni wa nani? Ofisi nzima ilicheka. "Wa mama mkwe wake!" alisema mmoja. "Anamvuta arudi nyumbani kuosha vyombo!" Doreen peke yake hakucheka.

Wiki ya pili alipanda ngazi mwanamke mwenye kitambaa kichwani na koti lenye harufu ya samaki. Alikuwa Bi Peasgood, mfanyakazi wa kiwanda cha samaki Grimsby. Mwanawe hajaonekana tangu Jumanne ile.

"Polisi wanataka picha yake," alisema. "Sina. Baba yake alizichoma zote siku alipomwona kwenye televisheni amepaka rangi ya midomo. Na kwenye hizo zenu za jukwaani mwanangu amejipaka fedha mpaka machoni. Nani atamtambua barabarani? Nimeambiwa mnayo moja ya uso mtupu."

Tulikuwa nayo moja tu, ileile aliyoipaka Doreen. Filamu yake ya asili ilikuwa imeozea kwenye maji yaliyoingia stoo yetu.

"Kaa, mpenzi," Doreen alimwambia. "Nimempaka rangi ya maji. Inatoka kwa pamba mbichi."

Nilisimama nyuma yake nikitazama. Alilowesha pamba, akafuta polepole pale ulipokuwa ukuta aliouchora. Kijivu kilitoka, pamba ikachafuka. Chini ya rangi palikuwa na matofali. Alifuta tena, zaidi, mpaka karatasi ikaanza kunyanyuka. Matofali, na chokaa katikati yake, na ufa mdogo ambao hakuna mkono uliouchora. Mtu hakuwepo. Ulikuwepo mkono tu, umekatikia kwenye kifundo, na kovu jeupe juu ya kidole gumba.

"Lile ni la kopo la dagaa," alisema Bi Peasgood kwa sauti ndogo. "Alikuwa na miaka sita. Yuko wapi mwanangu?"

Doreen alichukua brashi.

"Nieleze alivyo," alisema. "Kila kitu."

Mama alieleza mchana kutwa. Pua kama ya kwake. Nyusi zilizokaribiana. Doa la kuzaliwa shavuni. Na hapo aligusa shavu lake la kushoto. Doreen, aliyekaa kando yake, wote wakiielekea picha, akaliweka doa upande uleule wa kushoto wa karatasi, kwa hiyo likakaa shavu la kulia la mtu wa kwenye picha. Hakuna aliyegundua. Mama alipotazama kazi ilipokwisha, machozi yalimzuia kuona vizuri.

"Ndiye," alisema.

Polisi walibandika nakala zake Ijumaa. Jumamosi asubuhi muuza maziwa wa Hackney alimkuta Malcolm Peasgood amesimama kando ya ukuta wa ukumbi wa mazoezi, mkavu kabisa, na mvua inanyesha.

Jumatatu mama yake alimleta atushukuru. Alikuwa kijana mrefu, mpole. Ngozi ya uso wake ilikuwa laini mno, haina kinyweleo hata kimoja, na mwanga wa dirishani haukuibadilisha alipogeuka. Doa lilikuwa shavu la kulia.

Doreen aliliona. Mimi pia.

"Ulikuwa wapi, kaka?" nilimuuliza.

Alifikiri. "Kijivu," alisema. "Kila upande kijivu. Kisha mtu akaanza kunitekenya usoni."

Doreen alisimama, brashi mkononi.

"Bi Peasgood," alinong'ona, "nilikosea upande. Kama utaniruhusu, naweza kujaribu. Niifute picha kidogo tu, nilihamishe..."

"Usiguse!" Mama alijiweka mbele ya mwanawe. "Usiguse kitu chochote, unanisikia? Ukimfuta ukamkosa je?"

Mlango ukafunguliwa, Clive akachungulia na picha nyingine. "Doreen, mfute wa katikati."

Doreen alitumbukiza brashi zake zote kwenye kikombe cha chai na kuzivunja hapo hapo, moja baada ya nyingine.

Nilimsindikiza Bi Peasgood mpaka chini. Ghorofa zote tatu hakumtazama mwanawe usoni. Alitazama mkono wenye kovu, ule ambao hakuna aliyeuchora, na aliushika kwa mikono yake yote miwili, hakuuachia hata alipohitaji kufungua mlango.